Nilibebwa na Mke Wangu

Mke wangu alikuwa akiendesha skuta na mimi nilikuwa nikikaa nyuma. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu Tawa hawakupenda kulisema akiwa hai, na siku ya mazishi yake hawakulisema kabisa. Ndugu yangu mkubwa, aliyesoma habari za maisha yake pale kaburini, alisoma kwamba marehemu alikuwa mke mnyenyekevu aliyefuata nyuma ya mume wake siku zote. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na udongo, kofia mkononi, nikajiuliza angenifuata nyuma kwa njia gani na nyuma kwenyewe nilikuwa nimekaa mimi.

Kwetu mfiwa hasemi. Wanaosema ni wale ambao hawajafiwa sana.

Alikuwa muuguzi katika zahanati ya misheni, ingawa watu walimwita daktari. Miaka michache baada ya Uhuru, muuguzi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia skuta yake ya Kiitaliano, ya kijani kilichopauka. Pikipiki ya kawaida ingeleta shida, maana mwanamke aliyeokoka hakuweza kupanua miguu juu ya tangi la petroli mbele ya watu, na suruali ilikuwa dhambi. Lakini skuta ina ubao wa kuwekea miguu. Mtu anaketi kama yuko kwenye benchi la kanisa, magoti pamoja, sketi imetulia. Wazee wa kanisa walikuja kuikagua. Waliizunguka, mmoja akainama mpaka kofia ikaanguka, na hawakuona dhambi iko wapi.

Dhambi waliiona kwangu. Nilikuwa nimejaribu kujifunza kuendesha, nikaingia ndani ya ua wa miiba wa jirani, na skuta ikatolewa humo ikiwa nzima kuliko mimi. Kuanzia siku hiyo dereva alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mkulima wa ndengu na mahindi, nimefika darasa la nne, na sikuona aibu kubwa. Akiitwa mahali pa mbali tulienda pamoja, kwa sababu mito yetu ni ya mchanga na magurudumu ya skuta ni madogo kama sahani. Ukifika kwenye mchanga, lazima mtu mmoja ashuke asukume, na mtu mwingine abaki juu ashike usukani. Nilikuwa nashuka, nasukuma, napanda tena, napakata mfuko wa dawa, tunaendelea.

Sokoni walitungoja kwa hamu.

"Mzee, leo umefungwa kwa kamba ama umejishikilia mwenyewe?"

"Mama daktari, hilo gunia uliloweka nyuma unauza?"

"Siuzi," mke wangu alijibu bila kupunguza mwendo. "Hili linajua kusukuma."

Wazee wa kanisa walikaa kikao juu yetu. Walitafuta skuta katika Biblia, hawakuipata, lakini walipata kwamba mume ni kichwa cha mke, nao wakaona hiyo inatosha. Wakaamua hivi: mama aendelee kuendesha kwa ajili ya wagonjwa, ila asiingie katika uwanja wa kanisa akiwa amembeba mwanamume. Basi kila Jumapili tulisimama kwenye kona ya shule, tukashuka wote wawili. Mimi nilishika usukani nikaisukuma skuta hadi kanisani, naye akanifuata na Biblia mbili kwapani.

"Ingia, mzee," alikuwa akininong'oneza. "Ingia na utukufu wako."

Alicheka njia nzima, na mlangoni alijifuta machozi, watu wakidhani ameguswa na Roho. Hivyo ndivyo kila mtoto aliyekulia katika kanisa lile alivyoniona mimi, Jumapili baada ya Jumapili, nimeshika skuta kama mwenyewe. Mmoja wa watoto hao alikuja kuwa pasta wetu.

Mke wangu alipostaafu, skuta ilistaafu naye. Ilikaa stoo nyuma ya magunia ya ndengu, na kuku wakapenda kiti cha nyuma kuliko cha mbele. Kisha yeye akaugua, akaenda. Ilikuwa katika miaka ya tisini, mwaka wa pili tangu nimzike, fundi mmoja kutoka Nairobi alipokuja kutengeneza injini ya kinu cha kusaga unga pale Tawa. Kinu kilikuwa karibu na kwangu, akaja kuomba maji ya kunywa, akaona usukani umechungulia juu ya magunia. Alisahau maji. Alipiga magoti mbele ya skuta ile kwa heshima ambayo sijaona hata kwa wanaoomba mvua.

"Mzee, hii ni mali yako?"

"Ni ya mama."

"Mama yuko wapi tumwamkie?"

"Nilimzika."

Akavua kofia. Kisha, kwa kuwa kupenda mashine ni ugonjwa, akauliza kama anaweza kufungua kabureta kidogo tu.

Aliifungua, akaisafisha, akaweka plagi mpya, na siku alipomaliza kazi ya kinu, skuta ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, kuku wakakimbilia kwa jirani. Nilikaa juu ya gunia. Sauti ilikuwa ileile. Fundi akaniambia kwamba kuna watu Nairobi wanaopenda skuta za zamani, naye ni mmoja wao. Wanazitunza, wanazing'arisha, na mara moja kwa mwaka wanakutana. Mwaka huo wangekutana Malili, kando ya barabara ya Mombasa.

"Tuna mkutano, mzee. Uje nayo."

Nilifikiri juu ya jambo hilo kwa siku kadhaa. Sikuwa na haja ya kuonyesha skuta. Lakini niliona kwamba hao ni watu ambao wakiiona, swali lao la kwanza litakuwa: nani alikuwa akiiendesha? Na mimi nitawajibu. Nilitaka isemwe mahali pamoja tu duniani, kwa sauti, watu wakisikia. Hata kama ni Malili.

Nilihitaji gari la kuibeba, na mwenye pikapu niliyemfahamu alikuwa pasta. Nikamwendea.

"Pasta, kuna mkutano Malili Jumamosi. Naomba unisaidie na gari."

Ni lazima nieleze kwamba kwetu neno mkutano lina maana moja. Mkutano ni wa injili. Una kwaya, kipaza sauti, mhubiri, na mkalimani wa mhubiri.

"Bwana asifiwe!" pasta akasema. "Mhubiri ni nani?"

"Sijui."

"Ametoka wapi?"

"Wanatoka Nairobi. Wengine hata Mombasa."

"Mkutano wenyewe unahusu nini?"

"Skuta."

Uso wake ukang'aa. "Kama wamisionari wa zamani! Walizunguka na skuta kijiji kwa kijiji. Ni maono makubwa hayo, mzee. Kuna kwaya?"

"Hawakutaja kwaya."

"Tutawapelekea."

Nilimwambia, na sikumficha, kwamba kwa jinsi nilivyoelewa ni watu wanaopenda tu skuta. Akanishika bega. "Kila mtu ana kitu chake cha kumvuta, mzee. Zakayo alivutwa na mti."

Basi Jumamosi tuliondoka Tawa, skuta imefungwa katikati ya pikapu, kwaya ya akina mama imekaa pembeni kwa sare za buluu, ngoma mbili, kipaza sauti na betri yake. Tulipita milima, tukatokea mji mdogo wa Salama, tukapanda lami hadi Malili tukiimba. Mimi sikuimba. Nilishika skuta isiyumbe.

Uwanja wa Malili ni tambarare na upepo wake ni wa bure. Skuta zilikuwa zimepangwa kwa mistari, nyekundu, nyeupe, za bluu ya mbingu, zote zinametameta kiasi kwamba ng'ombe waliokuwa wakipita walizikwepa. Wenyewe walikuwa Wahindi wa Nairobi wa makamo, Wazungu wachache wenye mvi, na vijana wetu wenye kazi nzuri na jaketi za ngozi kwenye jua lile. Nyingi kati ya zile skuta zilikuwa zimeletwa kwa lori ili zisipate vumbi. Watu walikuwa wakizikagua kwa kuinama, na niliwakumbuka wazee wetu.

Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, mwenye tumbo la amani. Alipoona akina mama wanashuka na ngoma, alifurahi sana. Alidhani wameletwa na chifu wa pale kuwatumbuiza wageni. Na kwa kuwa kipaza sauti chao kilikuwa kimekataa asubuhi ileile, alipoona chetu alimkumbatia pasta.

"Mungu amekuleta, ndugu yangu!"

"Ndiye aliyenituma," pasta akasema. Kuanzia hapo walielewana kabisa.

Kwaya iliimba. Wenye skuta wakapiga makofi, wakapiga picha. Watu wa Malili, waliosikia ngoma na kipaza sauti, wakaja kwa wingi, akina mama wengine na mikeka, kwa maana walijua mkutano ni nini. Kisha mwenyekiti akapanda juu ya kreti la soda kuhutubia kwa Kiswahili, na pasta, bila kuombwa na mtu, akasimama ubavuni kwake kuwatafsiria wenyeji kwa Kikamba. Si kwamba wenyeji hawakujua Kiswahili. Ni kwamba mkutano bila mkalimani ni kama uji bila kibuyu. Pasta alikuwa mkalimani hodari wa kanda nzima. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Akikunja ngumi, naye anakunja.

"Ndugu zangu," mwenyekiti akaanza, "sisi wote mnaotuona hapa ni wagonjwa."

Pasta akawaambia wenyeji kwamba wageni wamekuja na wagonjwa wanaohitaji kuombewa. Wakaitazama safu ile ya jaketi za ngozi kwa huruma.

"Ugonjwa wa skuta hauna dawa!" Mwenyekiti akacheka, akashika tumbo.

Pasta akashika tumbo lake. Akasema hospitali zimeshindwa.

"Kwa sababu skuta si chuma tu. Skuta ina roho."

Hapo pasta alikwama. Kisha akasema, kwa sauti ya kukata shauri, kwamba skuta inaokoa roho. Amina ilitoka ambayo mwenyekiti hakuitarajia, naye akainama kidogo kushukuru.

Nilikuwa nimesimama kando ya skuta yetu, ambayo peke yake ilikuwa na vumbi, na kinyesi kidogo cha kuku mahali ambapo sikukiona nyumbani. Fundi wa kinu alikuwa amenieleza kuwa kuna kikombe cha dereva aliyetumikia skuta yake kwa miaka mingi kwenye njia mbaya. Sikufikiri kinanihusu. Ndipo nikasikia mwenyekiti, ambaye habari zangu alizipata kwa pasta, akisema:

"Na leo tumepata mtu wa ajabu. Mzee kutoka Tawa! Sisi tunasafisha skuta zetu na kitambaa. Yeye ameendesha yake kwenye mchanga na mawe kwa miaka karibu ishirini, akipeleka dawa kwa wagonjwa! Mzee, njoo mbele!"

Pasta alitafsiri hilo vizuri kupita yote, kwa sababu alilijua. Aliongeza ya kwake: kwamba tangu utoto alikuwa akiniona kwa macho yake nikiingia kanisani na skuta hii, mke wangu akinifuata nyuma kwa unyenyekevu. Watu walipiga makofi. Kikombe kilikuwa kikubwa, chenye masikio mawili.

Nilienda mbele. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu, hata harusini kwangu nilijibiwa na mjomba. Kwa ajili ya wageni nikasema kwa Kiswahili, polepole:

"Mimi sikuendesha. Nilibebwa."

Pasta akafumba macho, akainua mkono. Akawaambia wenyeji: mzee anasema si kwa nguvu zake, amebebwa na Bwana.

"Amina!"

"Hapana," nikasema. "Nilibebwa na mke wangu."

Sasa Kiswahili ni lugha nzuri lakini hapo kilinitupa. Pasta alisikia ile "na" yangu, akaichukua kama ya mtu anayeorodhesha: amebebwa na Bwana, na mke wake pia. Akatafsiri kwamba Bwana alitubeba mimi pamoja na mke wangu, katika ndoa yetu yote, na hakutuacha. Mama mmoja akaanza kulia. Mwenyekiti, aliyeona watu wanalia, akaniwekea kikombe mikononi.

Nilisimama nacho. Niliwaza kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa kaburini, na kwamba nikirudi Tawa na kikombe hiki kitawekwa mezani kanisani, na jambo litakuwa limekwisha. Hakuna aliyesema uongo. Kila mtu alikuwa akisema alichoona.

Nikageuka, nikawapa wageni mgongo, nikasema na watu wa kwetu kwa Kikamba. Katika Kikamba huwezi kumchanganya aliyekubeba na aliyebebwa pamoja nawe, kila mmoja ana neno lake. Nikasema dereva alikuwa mke wangu. Yeye ndiye aliyeshika usukani na gia. Mimi nilikaa nyuma na mfuko.

Na pasta, kwa sababu mkalimani akishawaka hazimiki kwa urahisi, aliposikia Kikamba akawageukia wageni na kuanza kutafsiri kwa Kiswahili, mkono umeinuliwa kama wangu:

"Dereva alikuwa mke wangu! Yeye ndiye aliyeshika usukani... na gia! Mimi nilikaa..." Akasita. Akanitazama. "Ulikaa wapi, mzee?"

"Nyuma."

"Mimi nilikaa nyuma," pasta akasema kwa kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayesoma deni la mtu mwingine.

"Na mfuko."

"Na mfuko."

Mzee mmoja wa Malili akauliza kwa nguvu, "Nyuma ya mwanamke?" Kabla sijajibu, mama mmoja mzee wa kwaya yetu, wa sauti ya pili, alisimama.

"Ndiyo, nyuma ya mwanamke! Unashangaa nini? Mimi nilizalishwa mara mbili na mama huyo. Mara ya pili nilikuwa peke yangu nyumbani, nikasikia tut-tut-tut, nikasema nimepona. Huyu mzee alikuwa anashuka kwanza, amejaa vumbi kama panya wa unga!"

"Mwaitu, kaa chini," pasta akamwambia kwa upole, kama mwana kwa mama yake.

"Sikai! Na wewe pasta, unasema ulimwona na macho yako? Unajua hayo macho yalifunguka kwa mwanga gani? Mama yako alikuzaa kwa taa ya hiyo skuta. Hii hapa! Hakukuwa na mafuta ya taa ndani. Daktari aliisukuma mpaka mlangoni, huyu mzee akapiga teke, akaiweka iungurume taa iwake mpaka ulipotoka. Ulilia kushinda injini!"

Kicheko kilianza kwa kwaya, kikawafikia wenyeji, na wageni wakacheka bila kujua. "Anasema nini? Anasema nini?" mwenyekiti akauliza. Ilibidi pasta atafsiri. Alitafsiri yote, sina budi kumsifu, hata ile sehemu ya kulia kushinda injini. Jasho lilikuwa likimtoka.

Akasimama mama mwingine, akasimama wa tatu. Hawakungoja kupewa nafasi, ulikuwa umekuwa ushuhuda. Ratiba ya wenye skuta ilikuwa na mashindano ya mwendo wa pole na nyama ya kuchoma, vyote vilingoja. Mmoja akasimulia jinsi mzee, yaani mimi, alivyosahauliwa mtoni baada ya kusukuma, daktari akaenda hadi ng'ambo akidhani bado nipo. Hiyo ni kweli pia. Nilitembea.

Nilimrudishia mwenyekiti kikombe.

"Ni cha dereva," nikamwambia.

"Dereva yuko wapi?"

"Ametangulia."

Alikigeuza kikombe mkononi, akaona haya. "Mzee, hatuna kikombe cha abiria."

"Najua. Abiria hana anachofanya."

Mwishowe walimpa bwana mmoja wa Nairobi ambaye skuta yake ilikuwa imeletwa na lori. Akina mama wa kwaya walimpigia makofi mawili, si zaidi.

Lakini kila skuta ilipaswa kuzunguka uwanja, na mwenyekiti hakutaka yetu iachwe. Akauliza nani ataiendesha. Fundi wa kinu alijitokeza, na akina mama wakapiga kelele: "Mwanamke! Mwanamke!" Basi akaja mke wa mwenyekiti, mama mfupi wa miwani, suruali pana na shati refu la maua, ambaye kumbe alikuwa akiendesha skuta kabla hajaolewa na ndiye aliyemfundisha mumewe. Pasta akatangaza kwa lugha zote mbili, akiwa ameshapoa, kwamba sasa inapita skuta ya marehemu mama daktari wa Tawa. Alilisema hivyo hasa. Nililisikia likienda mpaka barabarani, kwenye malori.

"Panda, mzee," mama yule akaniambia.

Nilipanda. Akina mama wakapiga vigelegele. Tulitoka vizuri, moshi nyuma yetu, na kwenye pembe ya kwanza ya uwanja nikalalia kushoto, kama kawaida. Skuta ikayumba, mama akapiga kelele, mguu wake ukakwaruza ardhi.

"Mzee! Kwa nini unalala? Kaa wima!"

"Mke wangu alitaka nilale pamoja naye kwenye kona."

"Mimi sitaki. Kaa kama mti."

Nikakaa kama mti. Aliendesha vizuri, siwezi kumsingizia, na pengine vizuri kuliko mke wangu, aliyekuwa na haraka. Ila yeye hakujua kunibeba, na mimi sikujua kubebwa naye. Kwenye pembe ya pili nilijikaza. Kwenye ya tatu bega langu lilianza kwenda lenyewe, nikalirudisha.

"Hapo sawa," akasema bila kugeuka. "Hapo sawa, mzee."